Tulipopiga marufuku Kiswahili: kisa cha wasichana wa Pwani na wenzao wa Lubumbashi

Usuli

Hiki ni kisa cha darasa langu mwenyewe. Majina ya shule, ya watoto na ya mwalimu mwenzangu nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili asijulikane mtu. Nakiandika juu walimu wengi wananiuliza nawezaje kuunganisha wanafunzi wangu na wa nchi nyingine wabadilishane lugha mtandaoni, na kila nikiwajibu naona nawapa ule upande mzuri tu, wakati kilichonifunza zaidi ni pale tulipoharibu.

Shule yetu ni ya upili, ya wasichana, ya bweni, kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Kifaransa ni somo la kuchagua na mwaka ule kidato cha pili waliokichagua walikuwa 22. Nyumbani wanaongea Kiswahili, wengine Kigiriama au Kidigo, darasani Kiingereza, na Kifaransa wanakipata kwenye kitabu na kwangu basi. Hawajawahi kumsikia mtu akikitumia kununua mkate au kugombana na ndugu yake. Na KCSE ya Kifaransa, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza upili, ina mtihani wa mazungumzo, mtoto anakaa mbele ya mtahini na kuulizwa maswali, pale ndipo wengi wanapoganda, anayeandika insha nzuri kabisa anashindwa kusema jana alikula nini.

Wenzetu walikuwa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, shule ya mchanganyiko wavulana kwa wasichana, darasa la vijana 25 wa miaka 15 hadi 17. Kule masomo yote ni kwa Kifaransa, Kiingereza ni somo kama Kifaransa kilivyo kwetu, na mtaani wanaongea Kiswahili. Watu wengi hapa wanashangaa nikiwaambia hivyo, lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na Lubumbashi ni mji wa Kiswahili tangu enzi za migodi ya shaba. Kiingereza wanakitaka kwa njaa ya kweli, juu ukitoka mjini ukafika mpaka wa Kasumbalesa ukavuka, uko Zambia, na biashara yote inayopita pale inataka mtu anayejua Kiingereza. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hiyo njaa imeongezeka, mwenzangu ndivyo alivyoniambia.

Ningeweza kutafuta shule Ufaransa. Nikachagua Lubumbashi juu tofauti ya saa ni moja tu, maisha ya watoto yanakaribiana, na nilitaka wasichana wangu waone kwamba Kifaransa ni lugha ya Waafrika pia, inaongelewa na mtoto aliyevaa yunifomu kama yake anayekula ugali kama wake. Mwalimu wa Kiingereza wa kule tulijuana kwenye mafunzo ya walimu ya mtandaoni. Nitamwita kaka, ndivyo ninavyomwita hata sasa.

Jinsi tulivyoanza

Tulikubaliana kufuata mtindo wa tandemu. Huu ulikuzwa Ulaya, sana sana kati ya vijana wa Ufaransa na Ujerumani, na miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Bochum kule Ujerumani kikawa moja ya vituo vya kuuhamishia kwenye barua pepe. Kanuni yake ni nyepesi: wawili wawili, nusu ya muda lugha yako, nusu lugha yangu, kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi. Sisi hatukuwa tunapeana lugha ya mama, wao wanatoa Kifaransa cha shule na sisi tunatoa Kiingereza cha shule, lakini tukaona kanuni itashika.

Barua za wazazi zilienda Januari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sauti na picha ni taarifa. Wazazi 21 walikubali, baba mmoja akakataa, yule binti tukampa kazi ya kuandika kumbukumbu za darasa na hakurekodiwa popote. Deputi alikuwa na wasiwasi na simu, shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, tukakubaliana simu ni moja tu, ya kazi hii, inakaa kwangu.

Kikao cha kwanza kilivunjika kabla ya kuanza. Tuliandikiana na kaka kwa Kiswahili, "saa nane mchana, Jumatano". Saa nane yake ni saa tisa yetu. Wasichana wakakaa lab saa nzima wakiangalia skrini, wamejichana nywele, wameandika maswali, na ile saa tisa wenzetu walipotokea sisi tulibakiwa na dakika ishirini kabla ya wengine kuhitaji chumba. Kuanzia siku hiyo kila miadi tuliandika mara mbili, "14h kwenu, saa tisa kwetu", hata kama inaonekana ni kurudia.

Cha pili kilifanyika, kwa projekta moja na spika moja. Wasichana 22 upande huu, vijana 25 upande ule, kila mtu anaona vichwa vya wenzake kama kokwa za tende, na waliozungumza walikuwa watatu, wale wale wanaozungumza kila siku. Cha tatu tuliwagawanya kwenye kompyuta nne, makelele yakawa hakuna anayemsikia mwenzake, halafu stima ikapotea.

Marufuku ya Kiswahili

Lakini kwenye zile kompyuta nne kabla ya stima kupotea nilisikia kitu. Watoto walikuwa wanacheka, wanaongea haraka, wanaulizana mambo, nikasogea nikijua ni Kifaransa, kumbe wote wako kwenye Kiswahili. Ilichukua dakika sita tu, nilihesabu. Salamu kwa Kifaransa, jina, umri, halafu mmoja wa kule akasema "mi nasikia Kiswahili" na mlango ukafunguka.

Nikamwambia kaka tukiacha hivi hakuna Kifaransa wala Kiingereza kitakachofunzwa, watakuwa marafiki tu. Yeye alisita, aliniambia "Madame, waache kwanza wazoeane." Mimi nikasisitiza. Nilikuwa na mtihani kichwani, na nilikuwa nimemwahidi mwalimu mkuu kwamba mradi utainua mazungumzo ya Kifaransa, kwa hivyo tukaweka sheria: nusu saa Kifaransa, nusu saa Kiingereza, Kiswahili hapana. Nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kimya cha msiba. Je m'appelle fulani, j'ai quinze ans, j'aime la musique, halafu macho yanarudi kwangu. Kwenye Kiingereza wenzetu nao vivyo hivyo. Wale watoto waliocheka wiki iliyopita walikaa kama wako mbele ya polisi.

Kuhamia meseji za sauti

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalikuja kwa sababu ya bando, si kwa sababu ya busara. Video ilikuwa inakula deta na kuganda kila dakika, tukaamua kuacha kuonana na badala yake watumiane meseji za sauti kupitia simu yangu na ya kaka. Kila msichana na mwenzake wa kule, na wanne wa kule wakaunganishwa na jozi nyingine wawe watatu watatu. Jumatatu sisi tunatuma, Alhamisi wao wanajibu.

Hii ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mtoto anayeganda mbele ya skrini, ukimpa dakika kumi nje chini ya mwarobaini na simu mkononi, anarekodi, anafuta, anarekodi tena, mara nne, mara tano, na kila mara anajirekebisha mwenyewe bila mimi kusema neno. Kuna binti ambaye mwaka mzima sikuwahi kusikia sauti yake kwa Kifaransa, meseji yake ya kwanza ilikuwa sekunde 14, ya tatu ilifika dakika moja na kitu. Na jibu likija wanalisikiliza mara tatu, wanasimamisha, wanarudisha nyuma, wanabishana "amesema marché au marcher?", yaani soko au kutembea, matamshi ni yale yale. Video haikupi nafasi hiyo, neno likipita limepita.

Kiswahili kilibaki marufuku. Ila kwenye meseji ni vigumu kuzuia, mtoto akikwama anamalizia kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza zote juu zilikuwa zaidi ya 40 kwa wiki. Hilo ni kosa langu na lina sehemu kubwa kwenye kinachofuata.

Meseji ya nkambo

Binti nitakayemwita M ni mmoja wa wanafunzi wangu bora, na Kiswahili chake ni cha kumsikiliza ukatulia, kwao ni watu wa lugha. Mwenzake wa Lubumbashi, kijana nitakayemwita K, alimtumia meseji ya kujieleza, Kifaransa kwa muda halafu akamalizia hivi, nimeinukuu kutoka kwenye simu: "Naishi na nkambo yangu. Iko na miaka septante-quatre, anauzishaka bunga ku soko."

Yaani anaishi na bibi yake, ana miaka 74, anauza unga sokoni. M alisikia kitu kingine. Alisikia kambo, na kwetu kambo ni mama wa kambo. Akajibu, na jibu lake nalo ninalo: "Kwanza pole sana kwa kuishi na mama wa kambo. Pili si iko, ni ana. Si bunga, ni unga. Si anauzishaka, ni huuza. Si ku soko, ni sokoni. Na septante si Kifaransa, ni soixante-dix. Hicho unachoongea si Kiswahili."

Hakuwa na ubaya. Nimemfundisha mimi kusahihisha, na Pwani tunalelewa tukiambiwa Kiswahili ni chetu, wengine wamekopa. Lakini hebu fikiria huyo kijana anasikiliza. Amemwambia mtu habari za bibi yake aliyemlea, amerudishiwa orodha ya makosa matano, na ndani yake kosa moja si kosa hata kidogo. Septante ni Kifaransa safi. Ubelgiji ndivyo wanavyosema, na Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji ndivyo inavyosema, septante kwa 70 na nonante kwa 90. M alimsahihisha mtu kwenye lugha anayosomea hesabu, historia na kila kitu tangu utotoni, kwa sababu kitabu chetu kimeandikwa kwa Kifaransa cha Ufaransa.

K hakujibu Alhamisi ile. Badala yake meseji ya zamani ya M, ile ya kwanza ambayo alikosea akasema je suis quinze ans na je suis faim, ilitoka kwenye simu ya kaka, aliyoiacha mezani darasani, ikaingia kwenye grupu la wanafunzi wa kule. Watu wakaicheka. Mmoja akairekodi upya akimuiga sauti. Binamu wa msichana wetu mwingine anaishi Lubumbashi, akaiona, akamtumia dada yake, na Jumapili ya wazazi kutembelea ikafika bwenini. M aliisikia akiwa na mama yake.

Wiki mbili za kimya

Nilimpigia mama M jioni ile ile kumweleza rasmi. Nilijiandaa kusema kwamba hakuna picha, hakuna jina, hajulikani. Akaniuliza, "Sura yake imo?" Nikamwambia hapana mama, ni sauti tu. Akasema, "Sauti nayo ni yake, Mwalimu." Sikuwa na la kumjibu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu. Kaka alitaka tuendelee haraka, aliogopa kidonda kikikaa kitaoza, mimi nikaona hapana, siwezi kumwomba mtoto arekodi sauti yake wakati iliyopita bado inazunguka. Tukasimama wiki mbili. Taarifa tukaipeleka kwa walimu wakuu wote wawili kwa maandishi. Kule kaka alikaa na wanafunzi wake, meseji ikafutwa mbele yake simu moja moja za wale waliokiri, na aliniambia wazi kwamba hawezi kuapa kama zimeisha zote. Hilo nikamfikishia mama M kama lilivyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kwangu zaidi. Niliwaketisha wasichana wangu nikawachezea meseji ya K, nikampa M nafasi ya kukataa kwanza, akakubali. Nikawauliza huyu mtoto anaishi na nani? Wote wakasema mama wa kambo. Nikampigia kaka kwa spika, nikamwomba aeleze. Aliposema nkambo ni bibi au babu, na wazee wa zamani wanaitwa bankambo, darasa lilinyamaza. M akauliza, "Kwa hivyo mimi nimempa pole ya bibi yake?" Halafu akaomba kurekodi, mwenyewe, sikumtuma. Meseji ya kuomba radhi ilikuwa ya sekunde 40, kwa Kiswahili, na mwisho wake akauliza bibi anauza unga wa nini, mahindi au muhogo.

K alijibu siku ya pili. Ni ya mahindi. Naye akaomba msamaha kwa ile ya grupu, ingawa kaka alikuwa ameshanihakikishia hakuwa yeye aliyeisambaza.

Tulivyorudi

Tulirudi na mambo kadhaa yaliyobadilika, na la kwanza nililiona kwenye lile kosa la M. Je suis quinze ans, je suis faim. Hayo makosa yametoka wapi? Kwenye Kiingereza. Mtoto anafikiri kwa Kiingereza ambako mtu yuko miaka 15 na yuko njaa. Lakini Kiswahili kinasema nina miaka kumi na tano, nina njaa, nina kiu, na Kifaransa ni hivyo hivyo, j'ai quinze ans, j'ai faim, j'ai soif. Jibu alikuwa nalo mdomoni tangu azaliwe, na mimi ndiye niliyeliandikia marufuku ubaoni kwa herufi kubwa. Na upande wa pili vijana wa Lubumbashi walikuwa wanasema I have sixteen years, wanavuka na nina au na j'ai yao mpaka kwenye Kiingereza ambako haiendi.

Basi tukafungua daftari la maneno. Kila jozi inaandika kitu kimoja kwa njia nne, Kiswahili cha Pwani, Kiswahili cha Lubumbashi, Kifaransa, Kiingereza, na inatafuta ni lugha gani zinafanana. Hili ndilo jambo ambalo lingenitosha hata kama mengine yote yangeshindwa. Walileta kwetu na chez nous, kwa daktari na chez le médecin, wakagundua kwamba Kiswahili na Kifaransa vina kineno kimoja cha kusema nyumbani kwa mtu na Kiingereza hakina. Walileta ugali na bukari. Walileta watoto na batoto, kwa nini na juu ya nini. Shule kule wengine wanaiita masomo, mtoto anasema naenda ku masomo. Kuhusu ba- kwenye batu na batoto msichana mmoja wa Kigiriama alisema bibi yake anasema atu, bila hata hiyo w, kwa hivyo nani amekosea? Swali hilo sikulijibu, nililiacha darasani.

Sheria ya kusahihisha nayo ilibadilika. Kwanza unajibu alichosema mwenzako, habari yenyewe, bibi, soko, unga. Halafu unasahihisha vitu viwili tu, si zaidi, na ni kwenye lugha anayojifunza, yaani sisi tunasahihisha Kiingereza chao, wao Kifaransa chetu. Kiswahili hakisahihishwi na yeyote, kinaulizwa: "Kwenu mnasemaje?" Kwenye septante nilichukua msimamo, ukiisikia ielewe na uiheshimu, ukiandika mtihani tumia soixante-dix kama kitabu. Wapo walimu wenzangu waliosema nawachanganya watoto. Mimi naona aliyechanganyikiwa ni yule asiyejua kama nonante ipo.

Na simu. Meseji zikasikilizwa na kufutwa kila mwisho wa wiki, simu ya kaka ikawekwa namba ya siri, na kila meseji mtoto anaamua mwenyewe kama darasa zima linaweza kuisikia au ni ya mwenzake tu.

Matokeo

Tulikwenda mpaka mwisho wa Juni, wenzetu wakaingia kwenye mitihani ya kufunga mwaka. Kati ya 21 waliorekodi, 18 walifika mwisho. Watatu walioacha, wawili walisema hawataki tena sauti zao zitoke shuleni, na niliwaelewa, mmoja alibadilisha somo.

Mtihani wetu wa ndani wa mazungumzo niliufanya Februari na tena Julai kwa maswali ya aina ile ile. Kilichobadilika sana ni urefu. Februari wengi walijibu kwa sentensi moja na kunyamaza, Julai wengi waliongeza ya pili na ya tatu, na kilichonifurahisha ni kwamba waliuliza, "Pardon, vous pouvez répéter?", yaani samahani, unaweza kurudia, bila kuaibika, juu walishazoea kurudisha meseji nyuma. Sarufi haikupanda hivyo. Viambishi vya wakati uliopita bado ni vita. Na siwezi kudai yote ni ya mradi, miezi mitano ya darasa la kawaida nayo ilikuwepo.

Upande wa Lubumbashi kaka alinieleza Kiingereza kilipanda kidogo kuliko alivyotaka. Sababu naijua. Wasichana wangu walipata Kifaransa kutoka kwa watu wanaosomea kwa Kifaransa kila siku, wenzao walipata Kiingereza kutoka kwa wasichana wenye haraka ya kurudi kwenye Kiswahili. Hatukugawana sawa.

M na K waliendelea mpaka mwisho.

Uchambuzi

Meseji za sauti ndizo zilizobeba mradi, na sababu ni muda. Mtoto mwenye aibu anahitaji kukosea akiwa peke yake kwanza. Video inamlazimisha akosee mbele ya watu 47. Kama ningeanza upya ningeanza na sauti, na video ningeiweka mwishoni, mara moja, wakishajuana, kwa salamu na kucheka tu.

Marufuku ya Kiswahili ilishindwa na naona ilishindwa kwa sababu mbili tofauti. Moja ni ya lugha, nimeshaieleza, Kiswahili kilikuwa daraja kati ya lugha mbili na nikakivunja. Ya pili ni ya heshima. Nilipokiita kitu cha kufichwa, watoto walikitumia kwa kujificha, na nilipoacha kukisimamia kikatumika kwa kuumizana. Kama Kiswahili kingekuwa mezani tangu mwanzo, tofauti za Pwani na Lubumbashi zingetokea darasani nikiwepo, si kwenye meseji ya Jumatatu ambayo sikuisikiliza. Hata hivyo ushauri wa kaka nao ulikuwa na upande wake mbaya, ambao mwenyewe amekubali baadaye: waache wazoeane bila mpango wowote, na watakaa kwenye Kiswahili mpaka Juni. Daftari lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa linawatoa kwenye Kiswahili kuwapeleka kwingine.

Kuhusu kusahihishana, tandemu inakwambia kila mmoja ni mwalimu, lakini haikufundishi mtoto wa miaka 15 namna ya kuwa mwalimu. M alisahihisha kama anavyosahihishwa na sisi, kalamu nyekundu kila mahali. Ile sheria ya vitu viwili ilipunguza, lakini kilichosaidia zaidi ni kulazimisha jibu la habari lije kwanza. Ukishamuuliza mtu bibi yake anauza unga gani huwezi tena kumwambia lugha yake si lugha.

Kwenye usalama tulikuwa na karatasi zote na bado tuliteleza. Idhini tulichukua, majina tulificha, simu tulizuia upande wetu, lakini hatukukubaliana simu ya upande wa pili itakaa wapi, na simu iliyoachwa mezani dakika tano ilitosha. Anayetaka kuanza mradi kama huu aulize swali hilo kabla ya lingine lolote: simu usiku inalala kwa nani, na meseji inakaa siku ngapi. Aulize pia kama pande zote mbili zina jamaa wanaojuana, juu sisi tulidhani Lubumbashi ni mbali na ile sauti ilirudi bwenini ndani ya siku chache.

Kazi ya mwalimu nayo tuliipima vibaya. Meseji zaidi ya 40 kwa wiki, ukizisikiliza zote vizuri ni saa mbili au tatu juu ya kazi nyingine zote. Baada ya kurudi tuligawana na mwalimu wa Kiingereza wa hapa kwetu, na nusu nyingine wanafunzi walisikilizana wenyewe na kuniletea zenye shida. Bila hiyo nisingeweza.

Kilichobaki ni kalenda. Wenzetu wanafungua mwaka Septemba, sisi tunafunga wetu kabla ya Novemba, kwa hivyo muhula wa tatu unatupa kama wiki saba tu. Tumekubaliana wiki hizo ziwe za Kiingereza zaidi, kuwalipa wenzetu walichopungukiwa, na Januari tuanze na darasa jipya. Daftari la maneno limeshapigwa kopi, nakala moja iko Lubumbashi.